“Nyumba yangu”: binti wa miaka miwili na kitanda anachotakiwa kukiacha

SWALI

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Tabata, Dar es Salaam, pamoja na mume wangu na binti yetu wa miaka miwili na miezi minne. Mimba yangu imeingia mwezi wa nane. Kliniki wamenikadiria kujifungua baada ya wiki sita. Wengine wataliona jambo langu dogo, lakini limeninyima usingizi na limeanza kuleta maneno ndani ya nyumba.

Binti yangu tangu ana miezi mitano analala chumbani kwetu kwenye kitanda chake cha fito. Tulikinunua kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika kutoka nje. Ni cha mbao, kizuri, na ubavu wake mmoja unashuka na kupanda ili kumchukua mtoto iwe rahisi. Yeye anakiita “nyumba yangu”. Akichoka anasema “nataka nyumba yangu”, nampandisha, anajifunika khanga yangu ya zamani na kuongea na mdoli wake mkubwa mpaka usingizi unamchukua. Kumlaza hakukuwahi kunisumbua.

Mwezi uliopita alipanda juu ya mdoli na mito, akavuka fito, akaangukia marumaru. Tulimkimbiza zahanati, wakamwangalia, wakasema hana tatizo. Jioni ile ile mume wangu akasema basi, huyu kashakua, na kitanda anakihitaji mwenzake anayekuja. Wiki iliyofuata akaenda Keko, akarudi na kitanda cha mninga cha futi tatu na nusu kwa sita na godoro jipya la inchi nane. Najua alivyojibana kupata hela ile, na najua alifanya kwa mapenzi. Tukakiweka chumba cha pili, anakolala dada wa kazi kwenye kitanda chake.

Usiku wa kwanza nilimpeleka saa 2. Akarukaruka kidogo, akateremka. Nikamrudisha, akateremka. Nilihesabu mara kumi na moja, nikaacha kuhesabu. Saa 8 usiku nikashtuka, kumbe amesimama pembeni ya kitanda chetu gizani, miguu peku. Alipita koridoni peke yake! Ilipofika usiku wa nne alikuwa anaanza kulia hata hatujamvua nguo za mchana. Sasa ni wiki ya pili: anaanzia kule, anaishia katikati yetu akinipiga mateke ya tumbo. Kwa kuwa usiku halali vizuri, mchana analala mpaka saa 11 jioni.

Kinachoniumiza zaidi ni kile kitanda. Mume wangu amekipaka rangi nyeupe, ubavu uliokuwa umelegea ameufunga kwa waya, kimesimama pale pale kikimsubiri mchanga. Binti yangu akipita anakigusa. Juzi akaniuliza, “Mtoto atalala nyumba yangu? Na mimi?” Sikumjibu. Nilitoka uani kuanua nguo asinione nalia.

Mama mkwe anakuja mwezi ujao kutoka Muheza kunihudumia uzazi. Kwenye simu ameshasema, “Tangu lini mtoto akafungiwa kwenye banda kama kuku? Mtoto analala na bibi yake. Nikija nampokea, yataisha.” Mume wangu anasema tusimrudishe nyuma, tukisikiliza kilio kimoja tutasikiliza vyote. Mama yangu mzazi anasema nimrudishie kitanda chake, mchanga nilale naye mwenyewe. Mwenzangu ofisini anasema nitandike godoro chini chumbani kwetu, nisahau habari ya kitanda.

Mimi ninachotaka ni kimoja: mwanangu asije akadhani nimemfukuza kwa ajili ya mwenzake. Na muda sina. Nisaidie mama.

Mama wa “Nyumba Yangu”, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usingizi unaokosa mimba ikiwa imefika huko, na pole kwa siku aliyoanguka. Kila mama aliyewahi kusikia kishindo kikitoka chumbani kwa mtoto anaijua hofu ile. Unafika mlangoni kabla hujajua umesimama saa ngapi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwa juu ni habari ya kitanda. Ndani nimeona mambo matatu yaliyokazwa kwenye fundo moja: binti aliyepanda akaanguka, mchanga anayehitaji mahali pa kulala, na mama anayeogopa kuonekana amechagua mmoja. Baba yao alitaka kuyamaliza yote kwa safari moja ya Keko, na simlaumu hata kidogo. Ila nadhani ukiyafungua moja moja utapumua.

Niwie radhi nianze na ambalo hukuniuliza. Umesema ubavu wa kile kitanda unashuka na kupanda, ulikuwa umelegea, na sasa umefungwa waya. Hapo ndipo nilipoweka kikombe changu cha chai chini. Vitanda vya watoto vyenye ubavu wa kushusha vilipigwa marufuku kuuzwa Marekani kuanzia Juni 2011, baada ya mbavu zake kuchomoka na watoto kunasa katikati ya ubavu na godoro. Katika muda wa kama miaka kumi kabla ya hapo, zaidi ya watoto 30 walikuwa wamepoteza maisha kwa namna hiyo. Mtoto hahitaji kuanguka ili adhurike. Anateleza tu kwenye mwanya uliofunguka akiwa usingizini, kichwa kinabanwa, na kulia hawezi. Waya unaweza kuushika ubavu leo, ukalegea wiki ijayo bila mtu kuona.

Kwa hiyo kabla ya kuamua kitanda ni cha nani, mkikague wewe na mumeo mchana, taa imewaka. Usukumeni ule ubavu kwa nguvu, mvute juu na chini. Pimeni nafasi kati ya fito na fito. Isizidi sentimita 6. Godoro liwe gumu na limekaa sawasawa, vidole viwili visipite kati yake na mbao. Ulizeni pia kama ile rangi haina madini ya risasi, maana mtoto akianza kuota meno huguguna kila kilicho mbele yake. Ubavu ukicheza, kisilale mtoto yeyote, mkubwa wala mdogo.

Unaona hesabu inavyobadilika? Umekesha wiki mbili ukijiuliza kitanda hiki umpe nani, na inawezekana kisimfae hata mmoja. Ikiwa hivyo, hutakuwa na sababu ya kumwambia binti yako kwamba nyumba yake amepewa mwenzake. Utamwambia ukweli: nyumba imeharibika, baba ameiondoa. Kuagana na kitu kilichoharibika kunamuuma mtoto, lakini siyo kama kukiona kila siku kimepakwa rangi kwa ajili ya mtu mwingine.

Sasa zile wiki sita. Nani amezipanga? Najua, kliniki. Lakini kliniki wamekupangia siku ya kujifungua, hawakupanga siku ambayo binti yako lazima awe amezoea kitanda kipya. Anachohitaji mchanga ni mahali pake pagumu, tambarare, pasipo mito wala mablanketi ya kumfunika uso, alazwe chali, ndani ya chumba chenu kwa angalau miezi sita ya mwanzo. Kitanda kidogo kilichochongwa na fundi, mbavu zote zikiwa hazitembei, kinatosha. Mama yako anasema ulale naye mwenyewe, na ndivyo wengi wetu tulivyolelewa. Sitakwambia ni jambo la ajabu. Lakini fikiria godoro laini, mablanketi, uchovu wa mzazi, na dada mtu anayepiga mateke usiku, wote kitanda kimoja na mtoto wa siku tano. Hali hiyo ndiyo ningekuomba uikwepe kwa kila njia: mchanga na mtoto mwenzake wasilale pamoja. Mkikubaliana hilo tu, mengine yote yana nafasi ya kupumua.

Nirudi kwa binti. Mumeo anasema kashakua. Upande mmoja yuko sahihi, kwani mtoto akiweza kuvuka fito kwa nguvu zake, au akikaribia urefu wa sentimita 90, kitanda cha fito kinakuwa hatari kuliko faida. Lakini wako alivuka akiwa amesimama juu ya mdoli na mito. Hiyo ni ngazi mliyomwekea wenyewe bila kujua. Ningependa ujiulize: bila ile ngazi, angevuka? Nauliza kwa sababu mtoto ambaye bado ametulia kwenye kitanda chake hana haraka ya kuhama, na wataalamu wengi wa usingizi wa watoto husema akisogezwa hadi karibu na miaka mitatu inakuwa rahisi zaidi. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliohusu watoto karibu 2,000 wa kati ya miezi 18 na 36 katika nchi tano, zikiwemo Marekani, Uingereza na Australia. Wazazi ambao watoto wao walikuwa bado kwenye vitanda vya fito walieleza kwamba watoto wanalala mapema, wanaamka mara chache na hawagombi kwenda kulala. Usiubebe kama sheria. Yale ni maelezo ya wazazi, na huenda baadhi ya watoto walihamishwa kwa sababu walikuwa wasumbufu tangu mwanzo. Nimekutajia ili uone kwamba mwanao hajadeka. Kwa umri wake, ukimwondolea kuta ghafla, kuteremka mara kumi na moja ni jambo la kawaida kabisa. Fito zilikuwa zinamwambia mwisho wa siku uko wapi, na sasa hazipo.

Halafu tazama ni mangapi yamebadilika kwake usiku mmoja. Kitanda, ndiyo. Lakini pia chumba, harufu ya chumba, sauti ya pumzi zenu, na mtu anayelala jirani yake. Sidhani analilia mbao. Na je, khanga ilihama naye? Na mdoli? Hukuandika. Kitandani aliko sasa mdoli si ngazi ya kumwangusha tena, na khanga yenye harufu yako ingemfaa kuliko maneno mengi.

Njia mnazopendekezewa nimezipima moja moja.

Hiyo ya mumeo, ya kukaza uzi, huwafaa baadhi ya watoto. Mnamrudisha kila akiteremka, kwa upole, bila mazungumzo marefu, mpaka azoee. Hatari yake ni muda: ikigongana na wiki ya kujifungua, atapoteza kitanda, chumba na mama kwa mkupuo mmoja, na mtoto hachambui lipi lilisababishwa na lipi. Na yupo dada wa kazi. Nani anaamka usiku kumrudisha? Kama ni yeye, na alfajiri anaamka kuwasha jiko, basi kuna binti mwingine humo ndani ambaye usingizi wake haujatajwa na mtu yeyote. Muulizeni hali yake.

Godoro chini chumbani kwenu, alivyosema mwenzako, lina mema yake: akianguka hajaanguka, na anawasikia. Hili mimi mwenyewe nililitumia kwa mtoto wangu wa tatu, kwa miezi kama minne, na wala hakukosa kuhamia kitandani baadaye. Lakini joto na unyevu wa Dar unaujua. Godoro likikaa juu ya sakafu bila mkeka wala kuanikwa juani, chini linaota ukungu. Na chandarua kiwe kirefu cha kutosha kuchomekewa chini ya godoro pande zote.

Hapo kwenye chandarua nisimame kidogo. Umenieleza mninga, umenieleza inchi za godoro, chandarua cha kitanda kipya hukukitaja. Kitanda kinapobadilika ndipo mtoto hulala wiki nzima akiumwa na mbu huku kila mtu anadhani mwenzake amenunua. Watoto chini ya miaka mitano, na mjamzito kama wewe, ndio malaria inaowaumiza zaidi. Kile mlichopewa kliniki siku ya kwanza kinatumika na nani? Kama bado kipo kwenye mfuko wake, kianikeni kivulini siku nzima, mkitundike. Na kama ndicho chako, basi binti anahitaji kingine leo, kabla ya mashuka mapya.

Ukiamua aendelee na kitanda cha Keko, godoro la inchi nane juu ya fremu ya mtu mzima linamweka juu sana. Fundi anaweza kuikata miguu kitanda kikashuka hadi usawa wa goti. Najua inauma kukata mninga, lakini atalala humo miaka mingi na miguu inaweza kuungwa tena. Kisogezeni ukutani mpaka kisibaki hata mwanya, kisikae chini ya dirisha, na upande wa wazi mtandike kitu laini chini.

Kuna jambo linalonipa wasiwasi kuliko kuanguka kwenyewe. Umesema saa 8 usiku alipita koridoni peke yake gizani. Mtoto akitoka kwenye fito, chumba chake sasa ni nyumba nzima. Maji ya bomba yakisumbua tunajaza ndoo na mapipa bafuni, na mtoto wa umri huu anaweza kuzama kwenye ndoo moja bila kupiga kelele. Pitia nyumba yako jioni kama yeye, kwa kimo chake. Ndoo zifunikwe na mlango wa bafu ufungwe. Chupa ya chai isiachwe mezani. Kabati refu lifungwe ukutani. Mlango wa nje uwe na komeo la juu. Taa ndogo ya koridoni iwashwe usiku kucha. Mkimaliza hilo, hata akiteremka mara ishirini utabaki umechoka tu, hutakuwa na hofu.

Na saa zake za kulala nazo zimevurugika. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, ule wa mchana ukiwemo. Anayeamka saa 11 jioni hawezi kuwa na usingizi saa 2 usiku, umlaze kwenye mninga au kwenye mawingu. Jaribu kumwamsha saa 9 alasiri kwa siku chache, hata akinuna. Huenda sehemu ya vita vyenu ni saa tu.

Bibi yake sasa. Nakuomba usimsikie kama mtu anayekukosoa. Kusema “mtoto analala na bibi yake” ni kukwambia kwamba anakuja na mikono yake yote miwili. Mtoto kulala na bibi wakati mama yuko kwenye uzazi ni desturi iliyowatuliza watoto wengi, na yeye mwenyewe anaweza kuipenda sana. Swali langu ni la siku ya arobaini na moja. Bibi akirudi Muheza, binti atakuwa amezoea mgongo wa kuegemea, na mgongo umepanda basi. Mnaweza kumwomba alale kwenye kitanda kile kile cha Keko pamoja naye, ili anapoondoka, kitanda kibaki na joto la bibi na mtoto awe anakifahamu. Au alale kitanda cha jirani, mkono wake ukiwa unafikika. Mazungumzo hayo yangependeza zaidi yakianzishwa na mumeo, kwa mama yake, kabla hajafunga safari.

Unaona sijakwambia umlaze wapi. Sikwepi. Watoto hawafanani, na wewe ndiye unayemsikia anavyolia. Kilio cha hasira na kilio cha woga vinatofautiana, na masikio ya kuvitenganisha unayo wewe. Ukisikia hasira, unaweza kuvumilia kidogo pamoja na mumeo. Ukisikia woga, kumrudisha karibu kwa miezi michache hakutamharibu, na mumeo naye hatakuwa ameshindwa. Mwambie hivyo. Naona kwenye barua yako mtu aliyetengeneza mahali pa watoto wake wote wawili kwa mikono yake, akapokelewa kwa kilio. Naye ameumia.

Yale machozi ya uani nimeyaacha mwisho kwa makusudi. Unaogopa adhani umemfukuza. Lakini ameshakuuliza, mwanangu. Mtoto wa miaka miwili amesimama mbele yako akatamka hofu yake yote kwa maneno sita, na hiyo ni dalili kwamba bado anaamini jibu liko kwako. Si lazima uwe umeamua juu ya vitanda ndipo umjibu. Leo jioni, mkikaa mkekani, mweke mapajani hapo palipobaki kando ya tumbo, umwambie mtoto atalala wapi, na yeye atalala wapi, na mama atakuwa wapi akiamka usiku. Akikuuliza tena kesho, mjibu tena vile vile.